Seva ya Mzee Hamdani Inajisahihisha

Katika nchi moja ambayo sitaitaja, maana yenyewe haipendi kutajwa na mtu aliyekaa, hakuna kinachozimwa. Mlezi Mkuu wa Taifa aliwahi kuwaambia wageni kwenye mkutano wa marais kwamba tangu ashike usukani hakuna mashine hata moja iliyozimwa katika ardhi yake. Wageni wakapiga makofi, wengine kwa mshangao, wengine kwa sababu njaa ilikuwa inawauma na chakula kilikuwa tayari. Kuanzia siku hiyo maneno yale yakawa sheria. Kwenye mzunguko wa barabara kuu likasimamishwa bango lenye neno moja tu, HATUZIMI, na chini yake wakawekwa askari wa kulilinda lisije likabadili mawazo.

Umeme wenyewe ulikuwa ukikatika kila mara, lakini hilo halikuhesabiwa. Ukikatika, shirika lilitangaza kwamba umekwenda kupumzika, na mashine iliyolala kwa sababu umeme umepumzika haijazimwa, imeonyesha heshima tu. Kosa lilikuwa mkono wa mtu kugusa swichi. Ndiyo maana kila seva ya nyumbani, lile sanduku la kutunzia mafaili ya familia, ilipigwa lakiri na ofisi ya kata, na juu ya kila geti ikafungwa taa ya kijani iliyounganishwa nayo. Ukiizima seva umeme ukiwapo, taa inageuka nyekundu, king'ora kinalia mtaa mzima, nawe unakwenda kueleza una chuki gani na maendeleo.

Mzee Hamdani hakuwa na chuki na chochote. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mgane, mtu wa kuchokonoa vyombo vya umeme ili siku ipite. Seva yake aliiunda mwenyewe kwa kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi, akaiweka stoo, kati ya gunia la vitunguu na ndoo za rangi. Humo alikuwa ametia kila kitu, na katika kila kitu hicho lilikuwamo faili moja ambalo kwake lilizidi nyumba kwa thamani. Ni video fupi ya marehemu mkewe, Mwanate, akiwa jikoni amejifunga kanga kiunoni. Anageuka, anamwona mumewe anampiga picha, anasema, "Hamdani, weka hiyo simu chini uje umenye muhogo. Kwani mimi ni maonyesho?" Halafu anacheka, na mwisho wa kicheko inamtoka kwikwi moja ndogo. Mwanate hakupenda kabisa kupigwa picha. Siku hiyo alivamiwa. Hakuna mahali pengine duniani sauti yake ilipobaki.

*

Mambo yalianza kuharibika kwa picha ya mpwa wake Athumani, ambaye asubuhi moja alionekana hana kidevu. Mahali pa kidevu palikuwa na mstari wa kijani. Kesho yake picha ya harusi ya mpwa mwingine, Arafa, ikawa na bibi harusi, ikawa na keki, ikawa haina bwana harusi. Hamdani akashuku diski. Akazipima kwa programu yake, zikatoka nzima zote mbili. Akamshuku mjusi aliyekuwa akiishi nyuma ya ndoo, akamfukuza, na mjusi akaondoka na uchungu wake bure. Mwishowe akakaa chini akafikiri. Diski mbili haziwezi kuugua ugonjwa mmoja, mahali pamoja, siku moja. Tatizo ni memori.

Memori ya kompyuta ni kama meza ya fundi cherehani. Kila kitambaa kinapita juu yake kwanza, na meza ikiwa na msumari uliojitokeza, kila kinachopita kinachanika. Hilo lingevumilika, kama si Sheria ya Kujisahihisha. Kwa mujibu wa sheria hiyo kila seva nchini lazima iyapitie mafaili yake yote kwa mpangilio wa alfabeti, na ikiona kosa, ilirekebishe papo hapo bila kumuuliza mwenyewe. Seva ya Hamdani ilikuwa inalisoma faili zima kwa memori mbovu, inaona kosa lisilokuwepo, inalisahihisha, na hapo ndipo kosa linapozaliwa. Ilikuwa imemaliza A. Ilikuwa inaikaribia B kwa bidii kubwa. Mwanate alikuwa kwenye M.

Alijaribu kuihamishia video kwenye flashi, lakini nakala nayo ilipita kwenye meza ile ile, ikatoka haifunguki. Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi: unaizima mashine, unafungua sanduku, unachomoa kijiti kimoja cha memori, unakipima kilichobaki, kisha unabadilisha. Kingine unakisugua miguu kwa kifutio cha penseli, maana mara nyingine ni uchafu tu. Ni kazi ya asubuhi moja. Kilichohitajika ni kibali cha kuzima na kufungua. Hamdani akavaa shati safi, akaenda ofisi ya kata kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko yote.

"Memori mbovu?" Ofisa wa kata aliweka kikombe chini. "Hapa hapa nchini?"

"Stoo kwangu, mkuu."

"Stoo yako iko nchi gani, mzee?"

*

Jioni hiyo hiyo, Hamdani akiwa hajavua hata viatu, geti likagongwa. Ilikuwa Tume ya Taifa ya Kuthibitisha Kwamba Hakuna Tatizo na Kulitatua. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Dakta Injinia Kalumbeta, mtu mnene mwenye sauti ya kufungulia mikutano, aliyetunukiwa udaktari na chuo alichokizindua mwenyewe. Nyuma yake alikuja Bi. Tunu, Ofisa Itifaki, aliyevaa glavu nyeupe, na Koplo Ngwale, aliyekwenda moja kwa moja hadi stoo, akaweka stuli mbele ya soketi, akakaa kuilinda. Nje, vijana wa gari walikuwa wanashusha magodoro.

"Ndugu mwananchi," alisema Mheshimiwa Kalumbeta, akiwa amesimama sebuleni kana kwamba kuna umati, "Serikali yako imesikia kilio chako, na imekuja kukisikia kwa karibu. Hatutaondoka hapa mpaka tatizo lako lithibitishwe kwamba halipo."

"Nashukuru, Mheshimiwa. Mimi nilikuwa naomba tu kuizima kidogo..."

Bi. Tunu alishusha pumzi. Mheshimiwa akatazama dari mpaka neno lile likapita.

Utaratibu ukaelezwa. Sanduku haliwezi kufunguliwa likiwa linawaka, kwa usalama. Haliwezi kuzimwa, kwa heshima ya taifa. Kwa hiyo Tume itangoja umeme uende kupumzika wenyewe, na ukipumzika, lakiri itakatwa na uchunguzi kufanyika. Mpaka hapo, vyote vilivyomo ndani ya nyumba ni vielelezo, na vielelezo havitoki wala havigusani. Seva ikavishwa kadi ya Kielelezo A. Simu ya Hamdani ikatiwa kwenye mfuko wa nailoni. Kisha Bi. Tunu akamvisha Hamdani mwenyewe kadi shingoni, kwa adabu, akimwomba ainamishe kichwa: Kielelezo B.

*

Hamdani alijifariji. Mtaa wao umeme ulikuwa hauwezi kumaliza siku mbili bila kwenda kupumzika. Akangoja. Akala chakula chake mwenyewe kwa ruhusa. Akaomba ruhusa ya kwenda msalani, akapewa pamoja na msindikizaji. Umeme ukaendelea kuwaka.

Ukawaka siku ya pili, ukawaka siku zilizofuata. Feni ambazo zilikuwa hazijawahi kumaliza mzunguko zilizunguka mpaka zikapata joto. Majirani waliosikia habari walikuja na pasi zao na majokofu ya kukopa, wakaupigia ukuta wa Hamdani salamu za shukrani. Haikuwa siri. Shirika la umeme lilikuwa limepata taarifa kwamba Mheshimiwa analala mtaa ule, na meneja gani angethubutu kumkatia Mheshimiwa umeme akiwa anaoga?

Stoo, seva ilimaliza D na E. F haikuchukua muda. Ikaingia H, na Hamdani akasikia kutoka kwa Koplo Ngwale, aliyekuwa hana kazi ila kutazama skrini, kwamba safari ya Hija ya marehemu mama yake ilikuwa sasa ni rangi tupu.

"Pole, mzee," alisema Koplo. Hakuwa mtu mbaya. "Lakini inafanya kazi kweli hii. Hailali."

Saumu, binti yake Hamdani, alikuwa anakuja kila mchana na kapu la chakula, anasimama nje ya geti. Chakula kilipokewa na Tume, kikaonjwa kwa usalama, kikaonjwa tena, na Hamdani akaletewa sufuria ili athibitishe kwamba kimekwisha. Baba na mwana walizungumza kupitia nondo.

"Baba, kwa nini hukuicheza tu kwenye skrini ukairekodi kwa simu, kabla hujaenda kwao?"

Hamdani alishika nondo. "Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja, mwanangu. Nilidhani nakwenda na kurudi."

Saumu hakumlaumu zaidi. Alimtazama baba yake na ile kadi shingoni, akaona amekonda, akakasirika mpaka akatulia. "Iko herufi gani?"

"Imeingia K jana."

"Basi huyu Mheshimiwa lazima atoke kwenye mtaa huu."

*

Hakuna kiongozi wa nchi ile aliyewahi kukataa kuwa mgeni rasmi. Saumu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa pili wa mji, na shule yao ilikuwa na bomba moja la maji ambalo lilishazinduliwa, lakini si na mtu mkubwa. Akazungumza na mwalimu mkuu. Watoto wakapangwa mstari, ngoma zikatafutwa, na mwaliko ukafika getini ukiwa umefungwa utepe: Mheshimiwa Dakta Injinia Kalumbeta anaombwa kulizindua upya bomba, na kusema machache.

Mheshimiwa alitoka akiwa amejipuliza manukato. Gari lake lilikata kona, vumbi lake likiwa bado halijatua, na umeme ukaenda kupumzika. Feni zikapungua mwendo, zikasimama. Majirani wakaguna. Stoo, sauti ya seva ambayo Hamdani alikuwa ameisikia usiku na mchana ilikatika, na ule ukimya ulikuwa mtamu kiasi kwamba alijikuta ameshika ukuta. L ilikuwa haijaisha. Walikuwa wamewahi.

"Sasa!" alisema. "Bi. Tunu, mwanangu, sasa!"

Bi. Tunu akakata lakiri kwa mkasi mdogo wa dhahabu. Kifuniko kikafunguliwa. Ndani, katikati ya vumbi, vilisimama vijiti viwili vya memori, sambamba, vinafanana. Hamdani akanyoosha mkono, lengo lake si vijiti hata kidogo, ni diski, kuichomoa tu na kuitia mfukoni na liwalo liwe.

"Mzee," alisema Koplo Ngwale polepole, akimshika kifundo cha mkono. "Kielelezo hakigusi kielelezo."

Bi. Tunu aliinama na tochi. "Hiki cha kushoto ndicho nani?"

"Hicho nilikikuta kwenye kompyuta ilipotoka ofisini. Hiki kingine nilikiongeza mimi, juzijuzi tu."

"Kwa hiyo huyu wa kushoto ni mkubwa."

"Ni cha zamani, ndiyo."

"Basi huyu hapimwi."

Msomaji mgeni lazima aelezwe desturi ya nchi ile. Aliyetangulia hapimwi kwa sababu ya aliyekuja nyuma. Ikitokea kasoro mahali, huulizwa nani kaingia wa mwisho, na huyo ndiye anayepisha. Daraja la zamani lilipoanguka mtoni, walifukuzwa kazi wachoraji wa daraja jipya, ambalo lilikuwa bado halijajengwa. Watu waliona ni sawa. Maana, kama si wao, ni nani?

"Mimi sijui kipi kibovu," Hamdani alisema. "Wala wewe hujui. Ndiyo maana vinapimwa kimoja kimoja. Toa hiki, pima hiki. Kisha rudisha. Nakuomba kama binti yangu."

"Mzee Hamdani, wewe unaweza kumwambia Mheshimiwa apishe kiti, akae kijana wake, ili tuone kama ofisi itakwenda vizuri zaidi?"

Hamdani aliliona jibu la swali hilo, zuri kabisa, akalimeza. "Basi angalau tukisugue miguu. Kwa kifutio tu. Pengine ni uchafu."

"Mkubwa?" Bi. Tunu alirudi nyuma hatua moja. "Asuguliwe miguu kwa kifutio?"

Akachomoa kijiti kipya kwa glavu zake nyeupe, akakitia kwenye kibahasha cha mahameli pamoja na cheti cha shukrani kwa utumishi wake, kilichokuwa kimechapwa tangu asubuhi. Kifuniko kikafungwa, lakiri mpya ikapigwa. Upande wa pili wa mji Mheshimiwa alikuwa anasema machache, na alisema kwa muda mrefu. Aliporudi, umeme ulirudi naye, ukamlaki getini. Taa ikawa ya kijani, seva ikaunguruma, ikaanza kujisahihisha pale ilipoachia. Sasa ilikuwa na kijiti kimoja tu, na chote ilichokisoma kilipita hapo.

Ilimaliza L kabla chai haijapoa.

*

"Kwa jina la Tume," alisema Mheshimiwa Kalumbeta siku ya matokeo, "natangaza kwamba mashine ni nzima, na haikuwahi kuwa vinginevyo. Taa ni ya kijani. Makosa yote yaliyokuwemo imeyasahihisha yenyewe, bila msaada kutoka nje. Koplo, mwonyeshe mzee video yake."

Wakamkalisha kwenye ndoo ya rangi, mbele ya skrini. Koplo Ngwale akabonyeza. Vikatokea vipande vya kijani na zambarau, vikitambaa. Kwenye spika ikatoka krrr ndefu, kama mvua kwenye bati, ikakatika, ikaendelea. Halafu ikaisha.

Hamdani hakupiga kelele. Alikaa. Kitu ndani yake kilishuka taratibu na hakikufika chini.

"Ndiye?" aliuliza Bi. Tunu, kalamu mkononi.

"Siye."

Mheshimiwa akavuta kiti, akakaa karibu, akazungumza kwa upole wa baba. "Mzee wangu, sikiliza. Mashine inasema video ni hii. Wewe unasema siyo. Kuna kosa, na liko kwa mmoja wenu. Mashine imejisahihisha kuanzia A. Wewe umejisahihisha lini?"

"Mimi nilikuwa mume wake."

"Ndiyo. Na hakuna aliyekupiga lakiri." Mheshimiwa akasimama. "Tutakupa nafasi."

Nafasi yenyewe ilikuwa stoo, kwenye ndoo. Kila asubuhi na kila alasiri Koplo Ngwale alibonyeza, krrr ikapita, na Bi. Tunu akauliza. Atakaposema ndiye, tofauti itakuwa imeondoka, Tume itafunga magodoro, na kadi itavuliwa shingoni. Hamdani akasema siye. Akasema siye tena. Alikuwa na silaha yake: baada ya kila mara alifumba macho akairudia ile ya kweli, neno kwa neno. Hamdani, weka hiyo simu chini uje umenye muhogo. Kwani mimi ni maonyesho? Kicheko. Kwikwi.

Asubuhi, alasiri. Siye. Siye.

"Baba," alisema Saumu getini, akilia, "sema ndiye utoke. Ni neno tu. Mama hatakasirika."

"Hawatalitoa mdomoni mwangu."

"Utafia humo."

Hamdani alikuwa anatazama mbali, midomo inamcheza. Kisha akasogea kwenye nondo na kunong'ona, asisikiwe ndani. "Saumu. Ile kwikwi yake. Ilikuwa baada ya kucheka au kabla?"

Saumu alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mama alikuwa na kwikwi?"

Hamdani akarudi ndani. Alasiri hiyo alifumba macho mapema, akaanza: Hamdani, weka hiyo simu chini uje umenye. Umenye muhogo. Au viazi? Ulikuwa muhogo, alikumbuka sufuria. Sufuria lipi? Akaanza tena, na mara hii nyuma ya maneno yake ilikuwapo mvua kwenye bati, mbali, inakuja. Akaziba masikio. Ikawa ndani ya masikio.

Ikaendelea hivyo kwa siku ambazo hakuna aliyezihesabu, hata Bi. Tunu, maana zote zilikuwa zinafanana. Asubuhi moja Koplo alibonyeza kama kawaida. Vipande vya kijani vikatambaa. Hamdani alikuwa ameegemea gunia la vitunguu, mdomo wazi kidogo. Krrr ikapita, ikakatika, ikapita tena, na karibu na mwisho, pale inapokwama kidogo kabla ya kuzimika, kitu kiliruka, kidogo, kama mtu aliyepaliwa kwa furaha. Hamdani akainua kichwa.

"Rudisha," alisema.

Koplo akarudisha. Hamdani akasogeza ndoo karibu na spika. Uso wake ukalegea, na kwa mara ya kwanza tangu Tume iingie nyumbani kwake, alitabasamu.

"Ndiye?" aliuliza Bi. Tunu bila kuinua macho.

"Ndiye."

Wakapiga makofi. Mheshimiwa alitoka bafuni na povu kidevuni, akampa mkono. Kadi ikavuliwa, magodoro yakafungwa, hotuba ikasomwa, geti likafunguliwa wazi. Saumu alipenya katikati ya askari, akamkumbatia baba yake kwa nguvu zake zote, akamwekea mdomo sikioni huku akicheka na kulia.

"Umewaweza, Baba! Umewadanganya!"

Hamdani alisimama kwenye jua, mikono inaning'inia, asijue aiweke wapi.

"Sikuwadanganya, mwanangu," alisema.